Rangi za kampuni zikae kwenye fremu, data iachieni rangi zake

Ukitengeneza dashibodi za biashara, zile kurasa za skrini zenye chati na namba za kampuni, hii sentensi utaisikia tu: "Imekaa vizuri, ila sasa iwekwe kwenye rangi zetu." Inakuja mwishoni mwishoni, data ishasafishwa, mahesabu yashakaguliwa, halafu mtu wa masoko anatuma logo na rangi tatu na anataka kesho ifanane na tovuti ya kampuni. Wapo wanaokunja uso wakisikia hivyo, mimi naona ni ombi la haki kabisa. Dashibodi yenye sura ya kampuni inaaminika haraka, wafanyakazi wanaiona ni ya kwao na wanaifungua bila kubembelezwa, na kama inaenda kwa wateja wa nje ndo usiseme, maana zile rangi zinazokuja na programu mteja ameshaziona kwenye ripoti za kila mtu. Ninachobishania ni mahali pa kuiweka hiyo brandi. Mi nasema ikae kwenye fremu, yaani kichwa cha ukurasa, herufi, mistari, rangi ya nyuma, pamoja na rangi moja tu ya mkazo. Ndani ya chati rangi zina kazi nyingine, zinamwambia mtu aangalie wapi na ashtuke wapi, na kazi hiyo logo haina ruhusa ya kuiingilia.

Ngoja nieleze kitu nilichokiona. Kampuni moja rangi yao kuu ni nyekundu, ile inayowaka. Walitengenezewa dashibodi ya mauzo na aliyeitengeneza alifuata kitabu cha brandi, yaani mwongozo wa rangi na logo za kampuni, neno kwa neno, nguzo zote nyekundu, mstari wa mwaka huu nyekundu, wa mwaka jana nyekundu iliyopauka, hadi ramani nayo wekundu mtupu. Kwenye kikao ikawekwa kwenye projekta, na meneja wa fedha ambaye ndo alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza akaiangalia chati ya matawi akauliza, "Jamani, mbona matawi yote yako vibaya?" Dada wa masoko akamjibu, "Hapana bosi, hiyo ni rangi yetu tu." Bosi akatulia, akasema, "Sawa. Sasa lile ambalo kweli liko vibaya nitalijuaje?" Jibu hapakuwa nalo, kwa sababu tawi lililoporomoka lilikuwa jekundu sawasawa na tawi lililopitisha lengo, na ili uwatofautishe ilibidi usome namba moja moja pembeni, na kama ni kusoma namba moja moja basi jedwali lingetosha, chati ya nini?

Kwenye ripoti za biashara nyekundu ina kazi yake tangu zamani: hasara, chini ya lengo, simama hapa. Ukiimwaga kila mahali kwa sababu ya brandi unakuwa umeizima kengele ya hatari, siku moto ukiwaka kweli hakuna atakayeisikia. Kampuni ya kijani nayo ina tatizo hilohilo kwa upande wa pili, kila kitu kinaonekana kiko poa hata kinachozama, na binafsi naiogopa hii kuliko ile ya nyekundu, sababu mtu akiona wekundu mwingi angalau anauliza, akiona kijani kibichi skrini nzima anafunga kompyuta anaenda zake.

Kwa wale wa nyekundu marekebisho yalikuwa madogo sana. Nguzo zote zikawa kijivu. Tawi lililoshuka likapewa rangi ya chungwa iliyokolea, likabaki peke yake na rangi yake. Nyekundu ya kampuni ikahamia juu, mstari mwembamba unaopita upana wote wa ukurasa, logo pembeni, na kitufe cha filta kilichochaguliwa nacho kikawa chekundu. Ukiitazama unajua ni ya nani kabla hujasoma neno hata moja, na tawi lenye shida unaliona hata ukiwa umekaa nyuma kabisa ya chumba.

Hili wala sio wazo langu mimi, magazeti makubwa wanaishi nalo miaka yote. Angalia chati za The Economist. Wana nyekundu yao inayojulikana dunia nzima, lakini kwenye chati utaikuta kama kipande kidogo cha mstatili pale kona ya juu kushoto, halafu mistari na nguzo zenyewe kwa sehemu kubwa ni bluu na rangi zinazoendana nayo. Kale kamstatili kanatosha, ukikutana na chati yao mahali popote unaitambua. Financial Times wao wamechapisha gazeti lao kwenye karatasi ya rangi ya waridi iliyopauka tangu 1893, na walipohamia kwenye skrini wakaihamisha ile rangi kuwa ya nyuma, data inakaa juu yake na rangi zilizochaguliwa kwa ajili ya data. Hawa ni watu ambao sura yao ni mali, wanailinda kwa nguvu zote, na bado hawajawahi kuona haja ya kupaka kila nguzo rangi ya kampuni.

Sasa kwa nini rangi za brandi zinagoma kufanya kazi ndani ya chati? Ni kwamba hazikuchaguliwa kwa kazi hiyo. Aliyezichagua alikuwa anawaza kibao cha nje, kadi, fulana, gari la kampuni, anataka rangi mbili tatu zinazopiga kelele na kukaa vizuri pamoja. Chati inataka vitu vingine kabisa. Kama unaonyesha makundi tofauti ya bidhaa unahitaji rangi zinazoachana waziwazi na zenye uzito sawa, isije moja ikawaka na kuonekana ni muhimu kuliko wenzake wakati sivyo. Kama unaonyesha kiasi, kidogo hadi kingi, unahitaji rangi moja inayoanzia mwanga ikienda inakolea. Na kama unaonyesha juu na chini ya lengo unahitaji rangi mbili zinazokutana katikati kwenye rangi hafifu. Kitabu cha brandi chenye bluu na njano hakijawahi kufikiria yote hayo, na wengi wakibanwa wanatengeneza vivuli vitano vya bluu ileile kwa makundi matano ya bidhaa, matokeo yake msomaji anadhani iliyokolea ni kubwa na iliyopauka ni ndogo, wakati ni majina tu, sabuni na mafuta, hakuna kubwa wala ndogo hapo.

Ila kwenye hiyo ya pili, ya kidogo hadi kingi, hapo rangi ya brandi ni tamu sana. Chukua bluu yao iliyokolea iwe ndo mwisho wa juu, shuka nayo taratibu hadi karibu na nyeupe, tayari una ramani au jedwali la joto, lile ambalo kila kisanduku kinakolea kulingana na namba yake, lenye sura ya kampuni na linalosomeka vizuri. Damu ya mzee inakubali pia, zambarau inakubali, kijani kilichokolea pia. Njano haikubali, kwa sababu inaanza ikiwa na mwanga mwingi kiasi kwamba huna pa kushukia.

Njia ninayoitumia mi ni hii, naanza na kijivu. Dashibodi nzima naijenga kijivu, chati zote, kadi zote, bila rangi yoyote, na hapo ndo unagundua mpangilio wako unaeleweka au ulikuwa unabebwa na rangi. Baadaye najiuliza kwenye kila chati ni kitu gani kimoja mtu anatakiwa akione kwanza, na hicho kimoja nakipa rangi kuu ya brandi. Mwezi huu dhidi ya miezi iliyopita, sisi dhidi ya washindani, bidhaa inayojadiliwa dhidi ya nyingine zote. Rangi ya kampuni inapata maana moja dashibodi nzima, "hiki ndo tunachokiongelea," na watu wanaizoea bila kufundishwa. Rangi za tahadhari nazitenga pembeni, hazigusi brandi, na kama brandi yenyewe ni nyekundu basi tahadhari inahamia kwenye chungwa iliyokolea na alama ndogo ya mshale au pembetatu juu yake.

Ile alama usiione ya ziada. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini karibu 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani, kwa wanawake ni kama 1 kati ya 200. Sasa piga hesabu chumba cha kikao chenye wanaume wengi, na ile tabia yetu ya kuweka kijani kwa nzuri na nyekundu kwa mbaya bila kitu kingine chochote. Mtu anakaa pale anaona vitu viwili vya rangi moja ya kahawia na hasemi kitu, wengine hata hawajui kwamba wenzao wanaona tofauti. Ndo maana wanasayansi wawili wa Japani, Masataka Okabe na Kei Ito, wakapanga seti ya rangi nane ambazo watu hawa nao wanaweza kuzitofautisha, na seti hiyo inatumika hadi leo kwenye machapisho ya sayansi. Ukibadilisha kijani kwa bluu na nyekundu kwa chungwa tayari umesaidia sana, na mshale wa juu au chini unamaliza kazi iliyobaki, na pia unaokoa pale mtu anapoiprinti kwenye karatasi nyeusi na nyeupe, maana ataiprinti, hilo nakuhakikishia.

Halafu kuna suala la kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya rangi na kilicho nyuma yake, ambalo watu wa brandi huwa hawalipendi lakini lina namba kwa hiyo halina ubishi. Miongozo ya WCAG, ile inayotumika dunia nzima kwa kurasa zinazosomeka na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yawe na kontrasti ya angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya kilicho nyuma yake, maandishi makubwa 3 kwa 1, na toleo la 2.1 la mwaka 2018 likaongeza kwamba sehemu za michoro zinazobeba maana, kama mstari wa chati, nazo ziwe angalau 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, juu ya hapo hakuna. Kijivu ambacho namba yake kwenye kompyuta ni #767676 juu ya nyeupe ni kama 4.54, ndo kijivu cha mwisho unachoruhusiwa kuandikia. Nyekundu kali #FF0000 juu ya nyeupe ni karibu 4 tu, kwa hiyo kwa mstari wa chati inafaa, kwa maandishi madogo haifai. Na njano kali #FFFF00 juu ya nyeupe ni 1.07, yaani kama haipo. Hapo sasa ndo unakutana na kampuni ambayo njano ndo roho yao na wanataka mstari wa mapato uwe wa njano kwenye ukurasa mweupe. Usiwakatalie kwa maneno. Fungua kikokotoo chochote cha kontrasti mtandaoni, weka rangi yao, waone namba wenyewe, halafu waonyeshe njano ileile juu ya rangi nyeusi inavyopanda hadi zaidi ya 19. Wengi hapo wanakubali kwamba njano ikae kwenye kichwa cheusi cha ukurasa, na ndani ya chati wapate rangi nyingine. Ukijaribu kuikolesha njano ili isomeke inageuka kuwa kahawia ya tope na hiyo hakuna mtu wa masoko atakayeikubali, na mi nakubaliana naye.

Kitu kingine cha kuuliza mapema ni namba za rangi zenyewe. Mara nyingi unapewa kitabu cha brandi cha uchapishaji, rangi zimeandikwa kwa viwango vya wino, au namba za Pantone, ile orodha ya rangi ya wachapishaji, au mbaya zaidi unapewa picha ya logo na kuambiwa "chukua humo". Rangi za wino na za skrini hazifanani, skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine kwa wino, ukibadilisha kiholela unapata bluu ambayo sio yao na atakayeigundua ni mkurugenzi. Omba namba ya heksi, ile yenye alama ya reli na tarakimu sita, na kama hawana chukua inayotumika kwenye tovuti yao, maana ndo watu walishaizoea kwenye skrini.

Ukishakuwa na rangi zako, tafadhali sana usianze kupaka chati moja moja kwa mkono. Hapa ndo nina hisia kali kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwenye Power BI, programu ya Microsoft ya kutengenezea dashibodi, kuna faili la mandhari, ni faili dogo la JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome, kitu pekee cha lazima humo ni jina, vingine vyote unaweka ukipenda. Kuna dataColors, orodha ya rangi za makundi kwa mpangilio unaoutaka wewe. Kuna good, neutral na bad kwa ajili ya hali nzuri, ya kati na mbaya. Kuna background na foreground, kuna textClasses za ukubwa na aina ya herufi, na ukitaka kwenda ndani zaidi kuna visualStyles ambapo unaamua hadi gridi ya chati iwepo au isiwepo. Unalipakia kwenye ripoti, chati zote zinageuka kwa pamoja. Lakini kuna mtego: chati uliyoichagulia rangi kwa mkono, kwa kuandika namba ya heksi moja kwa moja, haifuati mandhari. Itabaki hivyohivyo. Ile uliyoichagulia kutoka kwenye vile viboksi vya rangi za mandhari itafuata. Kwa hiyo siku kampuni inabadilisha sura, na huwa zinabadilisha, mwenye faili anarekebisha mistari michache na kuipakia tena, na mwenye kupaka kwa mkono anafungua kurasa zote, chati zote, na bado kuna moja itamponyoka.

Tableau, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nao wana faili lao, Preferences.tps, linakaa kwenye folda ya My Tableau Repository, ni XML ya kawaida unaifungua hata kwa Notepad. Unaandika seti yako ya rangi na kuipa aina, regular kwa makundi, ordered-sequential kwa kidogo hadi kingi, ordered-diverging kwa ile ya pande mbili, unafunga Tableau na kuifungua tena ndo inaonekana. Napenda kwamba faili lenyewe linakulazimisha ufikirie rangi hii ni ya kazi gani. Looker Studio ya Google, ambayo hadi 2022 ilikuwa inaitwa Data Studio, ina kitu cha kuvutia, unaipa picha ya logo na inakutengenezea mandhari kutokana na rangi zilizomo. Kwa kuanzia sio mbaya, ila usiishie hapo, haijui kwamba nyekundu ya logo yako inagongana na nyekundu ya hasara. Na wale wa Excel, msijione mmeachwa, kwenye Page Layout kuna sehemu ya kutengeneza rangi zako, nafasi 12, nne za maandishi na nyuma, sita za mkazo, mbili za viungo, ukizijaza mara moja chati mpya zote zinatoka zimevaa.

Kuhusu herufi ntakuwa mfupi. Fonti ya brandi mara nyingi imenunuliwa na imewekwa kwenye kompyuta za watu wa ubunifu tu, na Power BI kwa mfano haiibebi fonti ndani ya ripoti, asiye nayo kwenye mashine yake anaonyeshwa nyingine na mpangilio wako unavurugika, maneno yanakatika, kadi zinabana. Kwa hiyo itumie kwenye kichwa kama picha kama ni lazima, na kwenye namba tumia fonti ya kawaida iliyopo kila mahali. Halafu angalia tarakimu zenyewe, kuna fonti ambazo 1 ni nyembamba kuliko 8, kwenye bango inapendeza, kwenye safu ya namba inafanya elfu zisikae chini ya elfu na jicho linashindwa kulinganisha. Chukua fonti ambayo tarakimu zote zina upana mmoja na uzipange kulia.

Logo, iwe SVG au PNG isiyo na nyuma, maana ile JPG yenye kiboksi cheupe juu ya kichwa cha bluu inaharibu kila kitu ulichokifanya. Na iwe ndogo. Kona ya juu kushoto ndo macho ya msomaji wa lugha zetu yanapoanzia, hiyo ni nafasi ya thamani kuliko zote kwenye skrini, ipe namba kubwa ya siku, logo inaweza kukaa juu kwenye ule mstari au upande wa kulia na hakuna atakayesahau anafanya kazi wapi.

Ukitaka hii vita uipigane mara moja tu badala ya kila ripoti, nenda kwa wenye kitabu cha brandi na uwaombe waongeze ukurasa wa chati. IBM walishafanya hivyo, mfumo wao wa miongozo ya ubunifu unaoitwa Carbon una rangi za data zilizopangwa kabisa, na mpangilio wa ipi ianze na ipi ifuate. Usiende mikono mitupu. Andika rasimu wewe: rangi moja ya mkazo, vijivu vitatu, seti ya makundi isiyozidi sita au saba kwa sababu zaidi ya hapo macho yanachoka, ngazi ya kidogo hadi kingi kutoka kwenye rangi yao kuu, rangi za tahadhari, na pembeni ya kila moja namba ya heksi na kontrasti yake. Kisha chukua chati yao halisi, ya mauzo yao wenyewe, iweke mara mbili kwenye ukurasa huohuo, juu iliyopakwa rangi za brandi kila mahali, chini yenye brandi kwenye fremu, na umwombe mtu wa masoko akuonyeshe tawi lililoshuka kwenye kila moja.